Si Uzi Tu: Kumi Hadi Moja za Mapambo ya Uzi

Haya, sogea tuhesabu. Tunashuka kutoka kumi hadi moja, kwa sababu mazito huwekwa mwisho, na kwa sababu ukiijua namba moja mapema utaondoka kabla ya chai. Somo letu ni hereni, vidani na bangili za uzi uliotiwa rangi kwa mkono: pamba, sufu, hariri, katani. Humu hamna dhahabu wala almasi. Kito ni rangi yenyewe, na msimamo wangu ni kwamba rangi iliyopikwa vizuri inastahili kukaa sikioni kwa heshima ileile anayopewa sonara. Asiyekubali asiondoke, tutamalizana naye kwenye namba moja.

10. Sikio nalo lina haki zake

Hereni ya shaba yenye upana wa kisosi inapendeza kwenye picha ya kwanza. Ikifika saa kumi jioni, ndewe inalia. Ya uzi, hata ikiteremka mpaka begani, uzito wake ni gramu chache tu. Utaivaa kuanzia nikahi ya asubuhi hadi taarabu ya usiku, na ukirudi nyumbani utasahau kuivua. Tena haigongani na simu. Waliowahi kuongea na simu huku hereni za bati zinagonga kioo wanajua ninachosema.

9. Anayewasha si uzi

"Dada, uzi wako unaniwasha!" Uzi masikini, umesingiziwa. Mara nyingi mkorofi ni nikeli iliyomo kwenye kulabu ya bei chee. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 1994 la kuiwekea kikomo nikeli kwenye vipuli na vito vinavyogusa ngozi, kwa kuwa watu wengi walikuwa wanapata upele. Nunua kulabu za fedha au titani. Chuma cha pua kilicho bora nacho huachia nikeli kidogo sana. Umepika rangi, umefuma, umechana, halafu umwachie kulabu ya senti akuharibie jina? Hapana, mama.

8. Kiberiti hakina urafiki

Duka la uzi wa kufumia masweta linavutia macho, lakini vidonge vingi pale ni akriliki, na akriliki haili rangi ya jikoni. Utaichemsha na maganda ya vitunguu mpaka jirani aje kuuliza pilau ni ya nani, na uzi utatoka vilevile ulivyoingia.

Dawa yake ni moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kiwashe. Pamba inashika upesi, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu inasinyaa, inanuka nywele, na ukiondoa mwali inajizima yenyewe. Akriliki inayeyuka na kutoa moshi mweusi, kisha inaacha kitone kigumu ambacho hutakiwi kukigusa kikiwa moto. Muuzaji akiapa kwamba ni pamba tupu, mjibu kwa upole kwamba umemwamini, ila njiti yako bado ina swali moja.

7. Sukari ni ya chai

Ua la kroshia lililofumwa kwa sindano ya milimita 1.5 hutoka zuri lakini limelegea, halisimami. Bibi zetu walivichovya vitambaa vya makochi kwenye maji ya sukari vikakaa wima, na sebule ikapendeza. Kwenye meza, sawa. Shingoni, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, sukari inakutana na jasho, inanata, na sisimizi wanafika ukumbini kabla ya bwana harusi.

Tumia wanga wa muhogo. Koroga kijiko kimoja katika maji baridi kidogo, mimina maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uji ung'ae, uache upoe. Chovya ua, likamue kwa viganja, lipige pini juu ya kipande cha sponji na ulikaushe kivulini. Pini ziwe zisizoshika kutu. Sababu ya hilo inakusubiri kwenye namba nne.

6. Pilipili za Uturuki

Sisi tunaosemana kwa kanga tuna dada zetu Uturuki wanaosemana kwa maua ya uzi. Sanaa yao inaitwa oya: vijiua vidogo vinavyofumwa kwa sindano kuzunguka ukingo wa kitambaa cha kichwa. Husimuliwa kwamba bibi arusi aliyekorofishana na mumewe alivaa ukingo wa pilipili nyekundu, na ukweni wakaelewa bila neno kutamkwa. Mwenye kanga ya mafumbo kabatini hahitaji kufafanuliwa zaidi. Siku hizi vijiua hivyo vimeshuka kutoka kichwani hadi shingoni, na vinauzwa kama vidani na hereni.

Kule Rajasthan, India, kuna jamii ya mafundi wanaoitwa Patwa. Kazi yao ya jadi ni uzi wa hariri: kusokota, kufunga mafundo, kutunga vito kwenye kamba na kuvitia vishada. Sonara akimaliza vipande vya dhahabu, kidani kinapelekwa kwa Patwa kiunganishwe. Kwa hiyo mtu akikuambia uzi si pambo, muulize dhahabu yake imening'inia kwenye nini.

5. Mkonge, mgeni aliyegeuka mwenyeji

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na mbili! Kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya katani, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka kabla ya kamba za plastiki kuvuruga soko. Katika jani zima la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Zinazobaki ni maji na nyama ya jani.

Watengenezaji wa mapambo wengi wanaiogopa katani kwa sababu inachoma. Kweli, ikigusa shingo tupu inachoma. Lakini tazama wanavyofanya wasusi wa Rwanda: wanachukua fungu jembamba la nyasi, wanalizungushia uzi wa mkonge uliotiwa rangi, na kulishona mzunguko juu ya mzunguko. Ndiyo njia ya kusuka vikapu vyao vya agaseke, na ndiyo njia ya hereni za duara unazoziona zikining'inia masikioni Kigali. Ukiukaza mzunguko vizuri hakuna ncha inayochomoza. Ukambani nako kina mama wanausokota uzi wa kiondo pajani kwa kiganja, nyuzi mbili zinajipinda pamoja na kuwa moja. Uzi huo mwembamba, ukipikwa rangi kabla ya kusukwa, unatoa bangili ngumu inayojishikilia umbo bila waya.

Ushauri wangu: katani iwe ya bangili na hereni, shingo uiachie pamba. Shingo haina subira.

4. Chungu cha rangi, na chungu cha ugali, ni vyungu viwili

Hili siliachi lipite. Sufuria ya rangi haipikiwi chakula tena, hata ukiisugua kwa mchanga wa bahari yote. Kijiko chake pia. Vaa glavu, na ukipima unga wa dawa funika pua. Tukishaelewana hapo, tupike.

Anza kwa kufua uzi kwa maji ya moto na sabuni, maana pamba mbichi ina nta inayofukuza rangi. Upange uwe shada kubwa la duara na ulifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi, kwa kulegeza. Ukikaza, chini ya fundo patabaki peupe. (Ukitaka hayo madoa meupe, kaza kwa makusudi, wapiga batiki wanaujua utamu huo.)

Sasa dawa ya kuishikisha rangi. Shabu, lile jiwe jeupe la kinyozi, ndiyo mama wa kazi: kama gramu 15 kwa kila gramu 100 za uzi. Sufu inaipokea moja kwa moja kwenye maji ya moto. Pamba ina maringo. Inataka kwanza kulowekwa kwenye kitu chenye ukakasi, mfano chai ya rangi iliyokolea sana, maganda ya komamanga au gome la muwati kama ule wa Njombe, ndipo ikubali shabu. Ukiruka hatua hiyo rangi itapendeza Jumamosi, Jumatatu imekwenda na maji.

Maganda makavu ya vitunguu, uzito sawa na uzi, chemsha saa moja, chuja, tia shada, moto mdogo. Linatoka na rangi ya dhahabu inayoelekea machungwa, na mtu atakuuliza umeagiza wapi. Umeagiza kwa mama muuza chipsi, aliyekuwa anayatupa. Sasa chukua nusu ya shada hilo na uichovye kwenye maji yaliyolala na misumari yenye kutu na siki. Mbele ya macho yako dhahabu inageuka kijani cha zeituni. Chuma ndicho kimefanya hivyo, na ndiyo sababu nilikukataza pini zenye kutu: kidoa kimoja cha kutu kwenye ua la njano na umepata ua la madoadoa.

Kokwa za parachichi watu hudhani zitatoa kijani. Zinatoa pinki, pinki tulivu ya kupendeza, hasa ukizichemsha polepole bila haraka ya shughuli.

Na manjano? Manjano ni mrembo asiye na msimamo. Yanaingia kwenye pamba hata bila shabu, yanang'aa kuliko yote, halafu jua linayafifisha. Tena yakikutana na sabuni kali ya mche, yanageuka rangi ya matofali. Mteja kaondoka na hereni za njano, kazifua, kaona nyekundu, kapiga simu anadhani amerogwa. Nayapenda, lakini siyauzi bila kumwambia mnunuzi ukweli wote.

3. Kwinini, magadi na shimo la Kano

Wapo wanaoamini rangi ya kiwandani ni dhambi. Mimi simo. Historia yake ina utamu wake, na sehemu yake inatuhusu sisi watu wa ukanda wa mbu. Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mazao ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao ulipoyeyushwa kwa spiriti ukatoa zambarau, na hariri ikaipokea zambarau hiyo kwa furaha. Ndivyo ilivyoanza biashara ya rangi za kemikali. Malaria ikabaki, nguo zikapendeza.

Miaka mia kamili baadaye, 1956, kampuni ya ICI ya Uingereza ikaingiza sokoni Procion, rangi zinazojifunga na pamba yenyewe kwa kemikali badala ya kukaa juu yake tu. Hazihitaji kuchemshwa. Zinachohitaji ni maji yenye soda, na soda hiyo inatoka kwa jirani: magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, yakichomwa huwa soda ileile inayotumika kutengenezea vioo. Tumia hiyo iliyochomwa, inayopatikana kwa wauza kemikali. Magadi ya kulainishia maharage ni dhaifu kwa kazi hii. Yaache yapambane na maharage. Kwa bangili itakayovaliwa kuogelea, kunawa na kuosha vyombo, rangi hizi ndizo nitakazokushauri, bila kupepesa.

Lakini nili, jamani, nili! Rangi yake haiyeyuki kwenye maji mpaka ichachushwe au itiwe dawa ya kuinyang'anya oksijeni. Kano, Nigeria, yapo mashimo ya Kofar Mata yanayosemwa kuwa yalianza mwaka 1498, na mpaka leo mafundi wanachovya humo kwa majivu na nili. Kinachotokea ni hiki: shada linatoka shimoni likiwa njano ya kijani, mtu mgeni anaweza kudhani kazi imeharibika. Hewa inaligusa. Bluu inaanza kwenye ncha za nje, inapanda, inajaza, na baada ya dakika chache halina tena kumbukumbu ya ukijani. Ukitaka bluu ya usiku, chovya tena, acha lipumue, chovya tena. Mara nyingi na kwa muda mfupi ni bora kuliko mara moja kwa muda mrefu. Aliyelowesha usiku kucha kwa uvivu atapata bluu inayochafua kola ya shati.

2. Hereni ni pacha, zisiwe binamu

Uzi wa kuchovywa kwa mkono haufanani mwanzo na mwisho. Hapa umekolea, pale umepauka, katikati umechanganyika, na huo ndio uzuri unaotafutwa. Tatizo linaanzia kwenye mkasi. Ukikata hereni ya kulia mwanzo wa shada na ya kushoto mwishoni, moja itatoka bluu ya bahari kuu, nyingine ya maji ya ufukweni, na mvaaji ataonekana amevaa gizani.

Fanya hivi. Kata kadi mbili ngumu za sentimita 5. Zungusha uzi mara tano kwenye kadi ya kwanza, hamia ya pili mara tano, rudi ya kwanza, rudi ya pili, mpaka zote zinenepe sawa. Kila badiliko la rangi limegawanywa kwa haki. Pitisha kamba fupi juu, funga fundo mara mbili, kata upande wa chini, vua. Shika kifungu, kizungushie uzi chini kidogo ya fundo mara saba au nane, ukaze hasa, maana shingo ikilegea tamvua linapukutika siku ya kwanza. Ficha ncha kwa sindano ndani ya shingo. Chana kwa kitana cha meno membamba. Halafu ulipitishe juu ya mvuke wa birika, nyuzi zinyooke zenyewe, ndipo ukate ncha zilingane. Watu wengi wanakata kwanza na kupitisha mvuke baadaye, kisha wanashangaa ncha zimetoka ndefu na fupi.

Kama unafunga bangili kwa mafundo ya mraba, kamba zinazofanya kazi ziwe na urefu wa kama mara nne au tano ya bangili unayotaka. Mafundo yanakula uzi. Kuunga katikati kunaonekana, na jicho litakwenda palepale.

Halafu weka akiba. Hifadhi kipande cha kila shada na uandike kando yake kilichopikwa humo, maana hereni moja ikipotea kwenye daladala mteja atarudi kuomba mwenzake, na rangi ile haitajirudia kwa kubahatisha.

1. Bei, na yule mtu wa "si uzi tu"

Tumefika. Anakuja, anashika jozi, anaipindua, anasema: "Mbona ghali? Si uzi tu?" Mwenzangu, usikasirike, usilie, na usipunguze kwa aibu. Hesabu naye.

Tuseme saa ya kazi yako ni shilingi 3,000. Shada la gramu 100 linatoa jozi 20 za gramu 5. Kufua, kushikisha, kupika na kukausha kukikula saa nne, ni shilingi 12,000, sawa na 600 kwa kila jozi. Kutengeneza jozi moja kwa uangalifu, saa moja na nusu: 4,500. Kulabu: 500. Uzi na dawa: 400. Jumla 6,000, na hapo hujalipia meza ya sokoni, hujalipia shada lililoharibika, hujapata faida. Ukiiuza 3,000, umemlipa mteja ili akuvalie kazi yako. Biashara gani hiyo?

Nawajua mafundi wanaoona haya kuhesabu saa zao, hasa wanawake waliofundishwa kwamba kufuma ni kujipumzisha. Kupumzika ni kulala. Mikono inapofanya kazi inafanya kazi, iwe karakana ya sonara au ukumbini kwako na redio imewashwa. Pambo la uzi litaheshimiwa siku mwenye nalo atakapoitaja bei yake bila kuangalia chini.

Nawe mpe mnunuzi anacholipia. Ambatisha kadi ndogo: "Pamba. Maganda ya vitunguu, shabu, chuma. Fua kwa maji baridi na sabuni laini, anika kivulini. Kulabu ya fedha." Kabla ya kuandika hivyo, hakikisha mwenyewe: funga uzi kwenye kipande cha boksi, funika nusu yake, kiache dirishani penye jua wiki kadhaa, kisha funua ulinganishe. Kipande kingine cha uzi kilowanishe na ukisugue kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikihama au ikififia, hiyo ni ya kutundika ukutani, si ya kumtia mtu sikioni kwa pesa yake.

Na mteja akikung'ang'ania, "Dada yangu, nipunguzie basi," mpunguzie tamvua. Jozi ya sentimita 3 inakula nusu saa tu na nusu ya uzi: 300 ya rangi, 1,500 ya mikono, 500 ya kulabu, 200 ya uzi na dawa. Hiyo ni 2,500. Mwachie kwa 3,500, imetoka shada lilelile, na ukimwekea kioo mbele huenda akachukua zote mbili.